Mpishi Mmoja kwa Shada la Jenerali

Mlango uligongwa mara tatu, na Kanali Pruett, shujaa wa vita sita, akaruka nyuma ya pazia.

Hapo ndipo tulipomwacha, mguu mmoja wa buti ukichungulia nje. Aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza asihangaike, mambo ni mepesi. Ni Februari ya mwaka 1864, Virginia. Jeshi la Kusini limepiga kambi ya baridi kando ya mto Rapidan, na Mayankii wa Kaskazini wako ng'ambo wanaota moto wao. Jenerali wa brigedi moja ya Georgia amekufa kwa ugonjwa wa mapafu, na kiti chake kinagombewa na makanali wawili. Mmoja wao, Thaddeus Pruett, kabla hajapewa chochote na yeyote, yuko kwa mshonaji Keziah Bonner akijaribu koti lenye shada la dhahabu kwenye kola.

Shada ndilo linalomtenga jenerali na kanali. Nyota tatu wote wanazo, ila shada huvaliwa na jenerali peke yake, tena baada ya Rais kuandika na Seneti kukubali. Pruett aliliwahi kwa sababu moja: uzi wa dhahabu ulikuwa umebaki kidonge kimoja wilaya nzima, naye hakutaka mwenzake aupate.

Keziah akafungua mlango. Aliyesimama nje, theluji kwenye kofia, alikuwa huyo huyo mwenzake.

"Uko peke yako, Shangazi Keziah?" aliuliza Kanali Lucius Ogilvie.

Wazungu wa pale walimwita mwanamke mweusi shangazi ili wasije wakalazimika kumwita bibi.

"Niko na sindano zangu, Kanali. Karibu motoni."

Ogilvie alikuwa mfupi, mpana, na kabla ya vita aliuza nyumbu. Alitupa furushi mezani, akalifungua. Koti.

"Nataka shada."

"La nani, Kanali?"

"La nani? La kuweka kaburini? La kwenye kola, hapa na hapa. Na mdomo wako uushone kabla ya koti."

Pazia likapumua. Keziah akasogea akasimama mbele yake, akachukua soksi ya kutia kiraka ili mikono iwe na kazi.

"Nasikitika, Kanali. Uzi wa dhahabu umekwisha."

"Umekwishaje? Umekwishia wapi?" Uso ukamfunguka taratibu. "Pruett."

"Mimi nashona tu. Majina huwa yananitoka."

Ogilvie alicheka mpaka akaketi. "Mwache ajipambe. Mimi nina ombi lenye saini thelathini na moja za maofisa wa brigedi hii. Thelathini na moja. Tena ukanali tulipewa siku moja, mimi na yeye."

"Nasikia yeye alipewa asubuhi."

"Asubuhi, asubuhi. Saa tatu alizonitangulia ameziringia miaka miwili. Sasa unajua silaha yake ni nini? Hana saini hata ya mganga wa farasi. Ana mpishi."

"Mpishi?"

"Yule Burwell. Seneta Dandridge anakuja kula Jumamosi. Mwaka jana alikula kwa Pruett sahani tatu, machozi yakamlenga. Basi Pruett ameandika hati ya zawadi. Seneta apate mpishi, Pruett apate brigedi. Jumatatu Burwell anapandishwa treni kwenda Georgia, shambani kwa Seneta. Nimeambiwa na msaidizi wa Pruett mwenyewe, kwa nusu chupa tu."

Sindano ilimwingia Keziah kidoleni hadi nusu. Aliichomoa, akainyonya damu, akaendelea na soksi.

Burwell alikuwa mumewe. Miaka tisa. Ndoa yao haikuandikwa katika daftari lolote la Virginia, kwa kuwa Keziah alizaliwa huru na Burwell alikuwa mtumwa, na sheria haikuona kilichopo kati yao. Ogilvie hakujua, au alijua akasahau kama mtu anavyosahau jina la paka wa jirani.

"Uzi ukipatikana, mimi wa kwanza," alisema Kanali, akaacha koti lake mezani, akatoka.

Pruett alijitokeza akiwa na nyuzi kwenye masharubu.

"Umesikia? Thelathini na moja," alisema. "Thelathini na moja kutoka wapi?" Akaanza kuhesabu vidole.

"Nimesikia habari za Burwell, Kanali."

Vidole vikasimama. "Ah. Hilo nilikuwa nikuambie."

"Lini?"

"Baadaye." Akajitazama kwenye kioo, akageuza shingo ili shada lipate mwanga. "Usinune. Seneta ni mtu wa kanisa. Burwell atalala ndani ya nyumba yenye ghorofa. Na wewe ni mtu huru, si utakwenda kumtembelea?"

Mwanamke mweusi huru, peke yake ndani ya treni ya kwenda Georgia: kituo cha tatu angepokewa na dalali wa watumwa, na karatasi yake ya uhuru ingetumika kuwashia sigara. Kanali alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

"Ndiyo, Kanali," alisema Keziah.

"Sasa, kuna tatizo dogo. Koti safi ninalo hili moja tu, na Seneta asilione shada kabla hajanipa neno. Ni mkali kuhusu mambo hayo. Lifunike kwa kitambaa cha kijivu, kola ionekane ya kawaida. Nawe Jumamosi uwe jikoni na sindano yako. Akishasema ndiyo, nakuita, unalifunua mbele yake. Itapendeza."

Keziah akaipima ile kola kwa kidole.

"Itapendeza sana, Kanali," alisema.

*

Alhamisi alikwenda kambini kupeleka mashati. Burwell alikuwa nyuma ya kibanda cha Pruett akimenya viazi vitamu, mrefu, mikono mikubwa, na kisu kilikuwa kikicheza kwenye vidole vyake bila yeye kukitazama.

Alipoelezwa, kisu kiliacha kucheza.

"Na jana kanisifia mkate," alisema. "Nikajua tu kuna kitu. Yule hasifu bure."

"Burwell."

"Nitatia sabuni kwenye mchuzi. Seneta atajikuna tumbo mpaka Richmond."

"Ukitia sabuni utachapwa, halafu utauzwa kwa mtu asiyejua hata kula. Pika, Burwell. Pika kama hujawahi kupika."

"Nimpikie mtu anayenichukua?"

"Mshibishe awe mzito kuinuka. Mengine niachie mimi. Nina kola ya Pruett, na nina masikio ya Ogilvie." Akainama karibu. "Niambie tena, ulizaliwa kwa nani?"

"Kwa Jaji Whitlock wa hapa Virginia, baba yake Bi Amelia, mke wa Kanali. Unajua."

"Na Jaji alipokufa?"

Burwell alimtazama mkewe, na tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo. "Jaji hakumpenda huyu mkwe hata kwa dawa. Wosia ulisomwa mezani: watu wote wa nyumba hii ni wa Amelia, mumewe asiuze wala asitoe bila mkono wake. Nilikuwepo. Nilishika sinia. Kanali anadhani nilishika sinia tu."

"Na Bi Amelia ametia saini hati hiyo?"

"Bi Amelia yuko Georgia. Hajui hata kama kuna hati. Tena huyo ananitaka niende kwake vita vikiisha, nimwokee mume wake mwingine keki, nadhani."

Keziah akaweka mashati chini. "Kwa hiyo niende nikathibitishe kwamba wewe ni mali ya Amelia. Mimi mkeo."

Burwell aliuchukua mkono wake, akakiona kidole kilichochomwa, akakifunga kwa kitambaa cha jikoni.

"Leo niwe wa Amelia," alisema. "Kesho tutaona."

*

Ijumaa alimrudishia Ogilvie koti lake bila shada. Kanali alikuwa anapigilia viatu kwenye kwato za farasi wake mwenyewe, maana hakumwamini mhunzi yeyote.

"Uzi haujapatikana, Kanali. Lakini naomba nikuulize neno, mimi mwanamke wa sindano sijui sheria. Mtu akitoa zawadi kitu cha mke wake, bila mke kujua, zawadi inashika?"

Ogilvie hakuinua kichwa. "Kitu gani?"

"Tuseme nyumbu."

"Nyumbu wa mke, mume anampeleka sokoni bila karatasi ya mke?" Akaachia kwato. "Nimeshafungua kesi kwa nyumbu kama huyo. Nani kamtoa nyumbu wa mkewe?"

"Sisemi nyumbu, Kanali. Naambiwa tu baba yake Bi Pruett aliandika wosia mkali."

Masikio ya Ogilvie yalisimama kuliko ya farasi wake. Hakuuliza zaidi. Alimpa Keziah biskuti mbili ngumu za jeshi, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kutoa shamba.

Keziah alirudi nyumbani, akakata kitambaa cha kijivu, akakilaza juu ya shada la Pruett. Mshonaji akitaka kitu kidumu hushona. Akitaka kishike kwa muda tu, hupiga bandi, mishono mirefu ya uzi dhaifu, inayotoka kwa kuvutwa na kidole.

Alipiga bandi.

*

Seneta Culpepper Dandridge alikuwa mwembamba kama mlingoti wa bendera, na alikula kwa niaba ya watu watatu. Aliketi kichwani mwa meza ndani ya kibanda cha magogo cha Pruett, saa nane mchana, kanali mmoja kila upande, kwa kuwa alisema anataka kuwaona wagombea wote wawili wakitafuna.

Keziah alikuwa jikoni, chumba cha mbao kilichoegemezwa ubavuni mwa kibanda. Kati ya magogo palikuwa na ufa. Aliweka jicho hapo.

Burwell alipitisha kuku wa mchuzi mzito, paja la nguruwe lililookwa kwa asali, mkate wa mahindi unaotoa moshi. Seneta alikula bila kusema. Alipofika kwenye pai ya viazi vitamu alifumba macho.

"Mungu awasamehe wapishi wa Richmond," alisema.

Pruett aliona saa imefika. Akatoa hati mfukoni, akaisukuma mezani kwa vidole viwili. "Zawadi ndogo, Mheshimiwa. Mpishi na vyungu vyake."

Seneta alisoma mstari wa kwanza, hakuhitaji wa pili, akaitia hati mfukoni. Akainua kikombe. "Kanali Pruett, Seneti ni nyumba yenye heshima. Hatupendi mtu anayeparamia cheo kabla hatujasema. Tunapenda mtu anayesubiri. Nami nikifika Richmond nitawaambia wenzangu kwamba nimemwona mtu wa subira, na Georgia ipate brigedia wake."

Pruett akainuka kushukuru. Akainama, kuinama kwa mtu aliyefanya mazoezi mbele ya kioo.

Bandi ikakatika.

Kitambaa cha upande wa kulia kilianguka kwanza, kikaning'inia kama sikio la mbwa. Cha kushoto kikafuata. Na pale kwenye kola, chini ya kidevu cha mtu wa subira, shada la dhahabu likametameta.

Hakuna aliyemeza.

"Kanali," alisema Seneta, "hicho ni nini?"

"Ni darizi, Mheshimiwa. Darizi ya kawaida."

"Ni shada," alisema Ogilvie, akijikatia pai. "Kanali amejithibitisha mwenyewe. Hakutaka kuwasumbua."

Seneta aliweka kikombe chini kwa upole, na Pruett, anayeweza kusimama mbele ya mizinga, alirudi kitini kama mtu aliyeondolewa mifupa.

Jikoni, Keziah aliufunga mdomo kwa kiganja. Alikuwa karibu kucheka kwa sauti.

"Basi brigedi sikupi," alisema Seneta. Akapiga mfuko wake kidogo. "Zawadi lakini naipokea. Iliyotolewa imetolewa."

Kicheko kikafa mkononi mwa Keziah.

Alimtazama Ogilvie kupitia ufa. Sema, alimwambia moyoni. Sema habari za wosia. Ogilvie alikuwa anakula pai. Alikuwa anakula pai kwa raha zote, na kwa nini asile? Mpinzani wake amekwisha anguka, brigedi iko mlangoni kwake, Seneta amefurahia mpishi. Angemuudhi Seneta kwa faida gani? Kanali wa nyumbu hakuwa na haja tena na sheria.

Burwell alisimama kando ya meza, sinia mkononi, uso mtupu kama ukuta. Ni Keziah peke yake aliyejua jinsi ya kuusoma.

Alichukua sindano, akafungua mlango wa jikoni, akaingia.

"Samahani, mabwana. Niitengeneze kola ya Kanali."

Akapiga magoti kando ya Pruett, akashika kitambaa kilichoning'inia. Pruett alikuwa anaitazama sahani yake. Keziah akasema chini, midomo haikutikisika, uzi ukiwa kati ya meno:

"Thelathini na moja, Kanali. Ulimaliza kuhesabu?"

Tayari alikuwa anarudi jikoni. Nyuma yake Pruett akainua kichwa polepole.

"Mheshimiwa," alisema, "kabla hujaondoka, mwombe mwenzangu akuonyeshe ombi lake. Lina saini thelathini na moja za maofisa. Nimepekua orodha siku tatu. Ukituondoa mimi na yeye, maofisa walio hai katika brigedi hii ni ishirini na sita."

Ogilvie aliacha kutafuna.

"Nipe," alisema Seneta.

"Liko kwenye hema langu, na—"

"Liko mfukoni mwako, linachungulia."

Seneta alisoma, kidole kikishuka. "Kapteni Loomis. Huyu si yule tuliyempigia kengele kanisani kwetu mwezi wa Julai?"

"Alikuwa ananiunga mkono sana," alisema Ogilvie. "Alipokuwa na nafasi."

"Anaomba upandishwe cheo akiwa kaburini," alisema Pruett, rangi ikimrudia. "Yeye na wenzake wanne."

Sasa muuza nyumbu alikuwa hana cha kupoteza, na mtu asiye na cha kupoteza hukumbuka mengi. "Mimi niliazima saini za wafu," alisema, uso mwekundu. "Wafu hawadai. Yeye kaazima mtu wa mkewe. Seneta, iangalie hati yako. Mpishi huyo ni wa Bi Pruett kwa wosia wa babake. Saini ya bibi iko wapi?"

Seneta Dandridge aliwahi kuwa jaji miaka kumi na miwili. Aliitoa hati kwa kucha, akaikunjua, akaisoma safari hii hadi mstari wa mwisho.

"Kanali Pruett?"

"Mimi na mke wangu ni mwili mmoja, Mheshimiwa."

"Kanisani. Mahakamani ni miwili." Akaigeuza karatasi, kana kwamba saini ingeweza kuwa nyuma. "Umenipa mali iliyochukuliwa kwa mwanamke aliye peke yake nyumbani, wakati mumewe yuko vitani. Unajua magazeti ya Georgia yangeandika nini? Unajua nina uchaguzi?"

Akaitupa hati motoni. Ilikunjamana, ikawaka upande mmoja, ikaisha. Burwell hakuitazama. Alikusanya sahani. Lakini Keziah, jicho kwenye ufa, aliona anaweka sahani kubwa juu ya ndogo.

"Brigedi hii," alisema Seneta akivaa kofia, "itapewa mtu asiyemjua hata mmoja wenu."

Akatoka. Pai akaondoka nayo.

*

Mtu huyo aliteremka kwenye treni Jumatano: Brigedia Jenerali Ashby Tradd, wa pwani ya South Carolina, aliyekuwa ameshika ofisi ya viatu vya farasi huko Richmond tangu vita vianze. Viatu vyake mwenyewe vilikuwa bado vinalia.

Siku ile ile jambo la ajabu likaonekana kambini. Makanali Pruett na Ogilvie, ambao kwa miaka miwili walisalimiana kwa barua, walikaa gogo moja wakivuta kiko kimoja. Hakuna gundi kama chuki ya pamoja.

Jenerali mpya akiuliza njia, walimjibu, "Ndiyo, Jenerali." Akiuliza desturi za kambi, walimjibu, "Utakavyoona wewe, Jenerali." Basi akawa anatia saini kila karatasi inayowekwa mbele yake.

Hakuwa na mpishi. Akaazimwa Burwell.

"Unapika samaki?" aliuliza Jenerali asubuhi ya Ijumaa. "Sijala samaki tangu niondoke Charleston."

"Samaki wapo, Jenerali. Wazuri. Ila wako mtoni, kule chini ya kivuko."

"Kwani unashindwa nini kwenda?"

"Malindo, Jenerali. Mtu kama mimi hapiti bila cheti."

Jenerali akachukua kalamu. Palepale nje ya mlango, makanali wawili walisikia. Kila mtu wa brigedi ile alijua kwamba mtu mweusi hapelekwi kwenye kivuko kile bila mlinzi, kwa kuwa ng'ambo ya maji hakuna mtumwa. Pruett alifungua mdomo. Ogilvie akamkanyaga mguu.

"Yeye ndiye Jenerali," alinong'ona.

Ndani, Burwell alikuna kichwa. "Wa huku wana magamba sana, Jenerali. Ningekuwa na mwanamke wa kuwaparua..."

"Mmoja anatosha?"

"Mmoja anatosha kabisa, Jenerali."

Kalamu ikaongeza maneno matatu.

Burwell alifika kwa Keziah akitembea, kwa sababu mtu mweusi anayekimbia huulizwa. Aliiweka karatasi juu ya meza ya kukatia nguo. Keziah aliisoma mara mbili. Yeye alijua kusoma, jambo lingine ambalo sheria ya Virginia ilipenda kutoliona.

"Leo?" aliuliza.

"Kesho Jenerali anaweza kujifunza."

Keziah aliitazama nyumba yake, mikasi, subana ya kidoleni ya mama yake, meza. Kila kitu alichokuwa nacho alikipata kwa ncha ya sindano. Alikuwa mtu huru hapa, kwa kiasi ambacho hapa paliruhusu. Ng'ambo hakumjua mtu.

"Una hofu?" alisema Burwell.

"Nina nguo mbili," alisema Keziah. "Ngoja nizivae zote."

Lindo la kwanza lilikuwa na koplo mwenye kikohozi. Aliisoma karatasi kwa kidole, akaona jina la Jenerali, akajinyoosha.

"Wakipatikana wengi mnikumbuke," alisema.

"Hatutakusahau," alisema Burwell.

Walishuka njia ya matope, kapu kati yao. Mto ulisikika kabla ya kuonekana. Ng'ambo moshi wa Mayankii ulipanda wima, hapakuwa na upepo. Keziah alihesabu miti iliyobaki mpaka majini, akafika kumi na nne.

Ndipo farasi akasikika nyuma yao.

"Simameni."

Kanali Ogilvie alikuwa afisa wa zamu siku ile, akikagua malindo. Alimleta farasi hadi ubavuni mwao, akalitazama kapu, akamtazama Burwell, akamtazama Keziah kuanzia shingoni, ambako kola mbili zilionekana moja juu ya nyingine.

"Shangazi Keziah. Tangu lini unavua samaki?"

"Naparua tu, Kanali."

"Kwa magauni mawili."

"Kuna baridi, Kanali."

Akanyoosha mkono. Burwell akampa karatasi. Ogilvie aliisoma, akaisoma tena, na alipofika chini aliigeuza kwenye mwanga.

"Saini hii ni ya Jenerali Tradd mwenyewe?"

"Mwenyewe, Kanali. Mbele yangu."

Ogilvie aliutazama mto, kisha moshi wa ng'ambo, kisha kambi kule juu. Keziah alikuwa ameshona nguo za maofisa miaka mitatu, na alijua sura ya mtu anayejipima koti lisilo lake bado. Jenerali aliyewatuma watu weusi wawili kwa adui kwa mkono wake mwenyewe, wiki yake ya kwanza, angedumu siku ngapi? Na kiti kikibaki wazi tena?

Kanali alitabasamu.

"Nendeni," alisema. "Sitaki kuharibu chakula cha Jenerali."

Burwell alinyoosha mkono kudai karatasi. Ogilvie alikuwa ameshaikunja mara nne, polepole, akaitia ndani ya koti, upande wa moyo.

"Hii nitaitunza mimi. Richmond watataka kuiona."

Akageuza farasi, akapanda mlima bila kuangalia nyuma.

Mbele yao, kwenye ukingo wa maji, mlinzi wa lindo la mwisho alikuwa amekwisha simama, bunduki mkononi.

"Nyie wawili," aliita. "Cheti."